Waliniuliza Mara Moja Tu Habari ya Meli

Mpendwa Mama Jackline mshauri, nakusalimu kamwene, naomba msaada, na kabla hujafika mbali nikuambie kwamba mimi si mtu wa kuomba ovyo, miaka sabini na moja nimeishi sijamgongea jirani mlango kwa ajili ya chumvi, na barua hii naiandika kwa mkono wangu kwa elimu yangu ya darasa la nne, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua vaa miwani, usimpe mtoto akusomee, maana humu ndani kuna aibu.

Mimi ni mjane, nakaa huku barabara ya kwenda Lupembe, nina shamba langu la chai na miti kadhaa ya parachichi, na marehemu mume wangu Danieli ameniachia watoto wawili wa kiume, Ebeneza aliye Dar es Salaam na Yusto mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makambako, wote wana wake na watoto, na wote niliwalea vizuri, fimbo yangu ilikuwa moja na neno langu lilikuwa moja, nikisema hapana ni hapana, mtoto wangu hakuthubutu kuniuliza jambo mara mbili, na mpaka leo hawathubutu. Kila Krismasi wanakuja nyumbani wote. Ikifika Desemba mosi naanika mablanketi yao uani, kumi na moja, kila mtu na lake, maana hao wa joto la Dar wakifika hapa wanatetemeka kama vifaranga, na nalitoa lile sufuria kubwa ambalo mwaka mzima limekaa juu ya kabati limefunikwa, kwa sababu mimi peke yangu napikia kile kidogo cha kuchemshia maziwa.

Sasa Pasaka iliyopita tulikuwa jikoni tunaota moto, Ebeneza akasema, "Mama, Krismasi ya mwaka huu tumefikiria tutoke kidogo, hatujawahi kwenda mapumziko kama familia, kuna meli kubwa ya watalii yenye vyumba vya kulala inazunguka visiwa siku nne, halafu tunashuka tunakaa hoteli ya ufukweni siku tatu, twende wote na wewe." Mimi nikamjibu kama mtu mzima anavyojibu, nikasema, "Mimi na meli wapi na wapi? Nani ataniangalizia chai yangu? Nendeni nyinyi wenye mikono laini." Unajua alinijibu nini? Alisema, "Sawa Mama, hatukulazimishi." Akaomba aongezewe kande.

Hatukulazimishi! Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama Jackline, wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba kwetu mtu mzima hakaribishwi mara moja akanyanyuka kama kuku aliyerushiwa mahindi. Danieli aliponiposa, wazee wake walikuja mara ya kwanza baba akawaambia binti hayupo, na mimi nipo jikoni nachungulia, mara ya pili akawaambia tutafikiri, mara ya tatu wakaja na jembe na blanketi ndipo nikatoka nikawaonesha uso. Je, wangesema hatukulazimishi, Ebeneza angezaliwa na nani?

Basi nikangoja niulizwe mara ya pili. Nikangoja Mei, nikangoja Juni na baridi yake, ule ukungu unaoshuka saa tisa mchana mpaka huoni zizi la jirani, nimekaa na simu yangu ya vibonyezo kifuani. Wanapiga Jumapili, wanasema, "Mama shikamoo, mvua ipo? Chai inaendaje?" Meli hawaitaji. Mwezi wa tisa akaja mjukuu wangu Rejoice, binti wa Yusto, yupo kidato cha tatu, ana simu ya kioo ya mama yake, na humo wameanzisha kikundi chao cha safari, nikamwambia nisomee nicheke. Akanisomea yote. Stella, mke wa Ebeneza, ndiye mpangaji, anaandika nani atalala na nani, chumba chenye dirisha kina nani na kisicho na dirisha kina nani, vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe saa ngapi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mkononi, majina yafanane na ya kwenye vitambulisho, na orodha ya majina inafungwa tarehe thelathini Novemba. Chakula melini unakula saa yoyote unayotaka. Hoteli iko kando ya bahari na bado wamechimba bwawa la kuogelea, sijui bahari iliwakosea nini. Nikamuuliza Rejoice kwa mbali, "Hivi mtu akienda huko anabeba mablanketi mangapi?" Akacheka, akasema, "Bibi, kule joto, mtu anabeba kandambili na kofia."

Ndipo akanionesha picha ya fulana. Wameshonesha fulana za njano za kuvaa siku ya kupanda meli, zimepangwa kitandani, mgongoni zimeandikwa FAMILIA YA DANIELI. Nikazihesabu, kumi na moja. Mama Jackline, Danieli alikuwa wangu kabla hajawa wa mtu yeyote kati yao. Nikamwambia mtoto moshi umeniingia machoni, na moto ulikuwa umezimika.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Siku ya soko nilikwenda Makambako, nikapita kwenye mitumba nikanunua kofia ya majani na kandambili za bluu, nikazificha kwenye sanduku pamoja na kitambulisho changu cha NIDA, nikasema wakija kuniuliza nisionekane sijajiandaa. Na mwezi wa kumi Yusto alipopiga simu kwamba anakuja tuzungumze, nikasema ndiyo hiyo, nikachinja jogoo. Akala mpaka akalegeza mkanda, kisha akasema, "Mama, tumekuwazia sana kuhusu Krismasi, tumekupatia binti wa kuja kulala na wewe usiwe mpweke. Na tutakuletea simu kubwa tukuoneshe bahari kwa video." Nikamwambia, "Toka nyumbani kwangu na huyo binti wako!" Akashika njia, mkewe akanipigia kuniuliza kama naumwa. Mimi nioneshwe bahari kwenye kioo kama mgonjwa anayeoneshwa dripu?

Lingekuwa hilo tu ningelimeza. Lakini Dorkasi, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, aliniuliza mbele ya watu, "Mama Ebeneza, mwaka huu watoto wanakuja au wamekuchoka?" Mdomo wangu ukajibu kabla yangu, nikasema hawaji, mimi ndiye ninayekwenda, tunapanda meli. Akasema, "Meli! Wewe uliyetapika kwenye lori la majani ya chai ukienda msibani?" Wakacheka wote, lakini Jumapili iliyofuata wakanisimamisha mbele wakaniombea safari njema, wakaniwekea mikono kichwani, wakanipa kitenge kipya cha kuvaa siku ya kuondoka, na Dorkasi ndiye aliyelia kuliko wote. Nimekubali maombi ya safari isiyokuwepo. Tangu siku hiyo nikiona mtu wa kanisani njiani nakata kupitia kwenye msitu wa miwati.

Kwa hiyo nisaidie. Siombi ushauri wa kwenda kuwalilia, hilo usiniandikie. Ninachotaka uniambie ni namna ya kuwafanya waniulize tena bila mimi kusema, au kama haiwezekani, namna ya kuwaadhibu. Krismasi hii nyumba ina vitanda sita na mimi ni mmoja. Na usinijibu kama ulivyomjibu yule mwanamke wa mwezi uliopita, ulimzungusha sana. Majina badilisha, Dorkasi huwa anasoma gazeti kwa mwenye duka.

Mimi, mama mwenye chai yake.

*

Shikamoo, Mama.

Majina nimebadilisha, ingawa anayekufahamu atakutambua kwa sauti. Umesema usizungushwe, basi kaa vizuri. Kumgombeza mtu wa umri wa mama yangu ni kujitafutia laana, ila umelipa stempu, na mimi nitafanya kazi yangu.

Kwanza pole. Ile picha ya fulana imenichoma hata mimi niliyekaa ofisini Njombe na koti langu. Kuona jina la mumeo limegawanywa kwa watu kumi na mmoja na wewe umeachwa nje si jambo dogo. Na ninyi akina Ebeneza mnaosoma hapa, sikilizeni: mama haambiwi "hatukulazimishi" kisha mtu akaomba kande. Na mama hapelekewi binti wa kulala naye kama mlinzi wa ghala.

Sasa zamu yako. Rudi usome barua yako mwenyewe pale juu, unapojisifu. Umeandika neno lako ni moja, ukisema hapana ni hapana, mtoto hathubutu kukuuliza mara mbili. Mama, fimbo hiyo ulishika wewe! Wazee wa Danieli walirudi mpaka mara ya tatu kwa sababu baba yako hakuwahi kuwachapa kwa kurudi. Ebeneza alifunzwa na wewe kwamba kurudia swali ni utovu wa adabu, na siku ile jikoni alikutii kama ulivyomlea, na leo unamwita mkosaji kwa utii huo. Yusto naye alikuja mpaka mlangoni, akakuta jogoo, akala, na wewe ukakaa kimya unangoja asome moyo wako kupitia supu. Kisha ukamfukuza. Sasa na yeye yuko Makambako anajiuliza amekosa nini.

Mila ya kubembelezwa ni nzuri, siidharau, mimi mwenyewe niliposwa hivyo. Lakini mila hiyo ni kama kubeba gogo, inataka watu wawili wanaojua wanabeba. Wewe umelibeba peke yako tangu Pasaka, ndiyo maana bega linauma.

Hilo la kanisani silipigii makofi. Kusimama ukaombewa safari uliyoitunga, hapana, Mama, hapo umepotoka. Hata hivyo nikuambie, huyo Dorkasi unayemkimbia kwenye miwati alilia kwa sababu angetamani aitwe yeye. Mtu anayekulilia hivyo si adui. Atakuchokoza mpaka mwisho wa dunia, lakini si adui.

Umeniuliza namna ya kuwafanya wakuulize tena bila wewe kusema. Sina. Ningekuwa nayo ningekuwa tajiri. Umeniuliza namna ya kuwaadhibu. Hiyo unayo tayari, ni kukaa kimya. Kaa kimya mpaka tarehe thelathini, wapande meli yao, wavae njano yao, wewe uanike mablanketi kumi na moja uani uyaingize tena makavu bila mtu wa kuyalalia. Watakaoadhibiwa ni nani, wao wenye chakula saa yoyote, au wewe na kisufuria cha maziwa?

Basi fanya hivi. Gazeti hili linafika kwenu Alhamisi. Usingoje Jumapili. Nenda pale mtandao unaposhika, mpigie Stella, si Ebeneza, maana Ebeneza ataanza kujitetea na wewe utaanza kugomba, na vocha itaisha. Stella ndiye mwenye orodha. Uwe na kitambulisho mkononi, umsomee jina lako lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Mwambie una dawa za presha kama unazo, na kwamba ulishatapika kwenye lori la chai, usifiche, kuna vidonge. Omba ulale na Rejoice kwenye chumba chenye dirisha. Chai mwachie Dorkasi aichume wiki moja, mtagawana, na hapo hapo umweleze ukweli wote. Atacheka. Mwache acheke.

Na ikiwa meli imejaa, yawezekana, usizime simu. Mwambie, "Basi nitawakuta hotelini." Hoteli haizami na haijai haraka hivyo. Yusto akupeleke, na kabla hamjaondoka umwombe radhi kwa ule mlango uliomfungia. Ndiyo, wewe umwombe. Mtoto haachi kuwa mtoto kwa sababu ana duka.

Kandambili zitoe kwenye sanduku leo, uzivae ndani hata kama sakafu ni baridi, zizoee miguu. Bahari itakuona mgeni, isikuone na malengelenge.

Ukimpata Stella usianze na mvua wala chai. Sema tu, "Stella, niandike na mimi." Atashtuka. Kisha atakuuliza, "Kweli, Mama, utakuja?"

Hiyo ndiyo mara ya pili uliyoingoja tangu Pasaka. Usingoje ya tatu.