Diploma Iliyo Moba

Kalemie, Jumanne

Nimedanganya, na tangu mchana situlii.

Mchoraji wa vitenge wa kiwandani, aliyesoma chuo cha sanaa Kinshasa, aliokota karatasi niliyochorea samaki. Aliikunja mviringo. Mkia uliokatika ukingo huu ulikutana sawasawa na mwili wake ukingo ule, kama kitenge kinavyotaka ili mchoro ujirudie bila kukatika.

"Citoyen, raia mwenzangu, wewe wa kubeba majora ya vitambaa! Nani alikufundisha?"

"Macho tu."

Alicheka. "Chuo kitakupenda. Diploma ya kumaliza sekondari iko?"

"Iko nyumbani Moba, kwa mama."

Kwa mama hakuna diploma. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari.

Kesho anatuma barua ya kunisifu kwa mkuu wa chuo. Nikimzuia, nitabeba majora mpaka uzee. Nikinyamaza, aibu itamwangukia yeye kwanza.