Shuka Lako Jeupe na Chemchemi ya Fataki

Mama Josefu mpenzi,

Nakusalimu kutoka Bigo, hapa Bunia. Mvua hainyamazi, na sombe anayotupikia shemeji yako ni tamu, ingawa haijaifikia yako. Sasa keti, nikueleze habari za shuka jeupe ulilonifungia pamoja na foronya yake.

Jana sisi wazazi tuliokimbia vita kutoka kijiji chetu cha Fataki tulikutana kwa ajili ya shule yetu itakayojengwa upya. Furaha, binti wa mdogo wangu, aliliazima shuka, akalitundika ukutani na kuangazia juu yake ramani kutoka kwenye kompyuta. Fundi alitaka kujua chemchemi ilikuwa wapi, asije akachimba vyoo juu yake.

"Baba mukubwa, kamata kalamu, uchore," Furaha akaniambia.

Alimaanisha kalamu iliyomo ndani ya kompyuta. Mimi nilitoa yangu ya wino mwekundu, nikachora barabara, kanisa na chemchemi, nikaandika majina kwa hati safi.

Furaha akafungua ukurasa uliofuata, ikatokea picha ya mwenyekiti wetu, chemchemi ikimtiririka puani.

"Muzee, unanipatia mafua!" mwenyekiti akalia.

Tulikuwa bado tunacheka umeme ulipokatika. Ramani ikatoweka, chemchemi ikabaki. Wakafungua madirisha, na mmoja baada ya mwingine wakaniomba kalamu, kila mtu achore nyumba yake mahali ilipokuwa. Kicheko kilikwisha chenyewe.

Fundi ameondoka na shuka. Nyumba yetu niliichora mwenyewe, nawe umesimama mlangoni.

Foronya nitairudisha salama.

Mumeo akupendaye