Mlango wa Mama Umepanda Jukwaani

Mpendwa Bibi Threlkeld, naomba ushauri wako hapo gazetini maana watu ninaoishi nao wote wanakula kwa mkono wa mume wangu na sina wa kumwambia, majina nimebadilisha ila mengine yote ni kweli tupu.

Mume wangu, nimwite Bert, ana kikundi cha michezo ya kuigiza, yeye ndiye mtunzi na yeye ndiye mwigizaji mkuu, na miaka kumi na moja tumezunguka Australia Kusini tukicheza kwenye kumbi na mabanda ya kunyolea kondoo, watu wakimcheka palipotakiwa walie. Kabla ya hapo alikuwa mchimba shaba kule Wirrabeen pamoja na kaka yangu Jabez, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na mgodi ulipoporomoka Bert ndiye aliyetumwa kila siku kutega sikio kwenye kifusi, na ndiye aliyekuja kumwambia mama kwamba Jabez alikufa papo hapo, hakuteseka. Mama alimshukuru akilia, na tangu hapo humwita mwanangu aliyebaki na kila majira ya baridi humfumia soksi.

Sasa Bert ametunga mchezo wa mgodi. Kwetu mwigizaji hapewi mchezo mzima, unaweza kuibwa, kila mtu hupewa karatasi zenye maneno yake tu na maneno machache ya anayemtangulia, basi mimi nikapewa nafasi ya mama wa marehemu, na nilipoona nasema "Angalau hakuteseka" nikajua anamuenzi Jabez, nikambusu.

Siku ya mazoezi ya pamoja Bert akaweka sikio kwenye ukuta wa mbao, na nyuma yake mtu akagonga mara tatu, akanyamaza, akagonga mara moja. Bibi, hivyo ndivyo Jabez alivyokuwa akibisha hodi kwa mama, tangu mtoto.

Nikamfuata Bert nyuma ya pazia. "Huko kugonga umekutoa wapi?"

"Kichwani. Mimi si mtunzi?"

"Usinichezee, Bert. Huo ni mlango wa mama."

Akawa anajifuta rangi usoni, anafuta pale pale tu. "Dari la mgodi lilikuwa bado linalia, lingeweza kuporomoka tena. Yule ambaye angesema amesikia ndiye angetangulia kuchimba. Nikawaambia ni kimya. Kila waliponiuliza, ni kimya."

"Kwenye mchezo anagonga siku moja."

"Watazamaji wasingestahimili siku tatu."

Tumeucheza mara tisa hapa Port Pirie, watu wanalia mpaka wanashikana, mwenye ukumbi mmoja Melbourne anautaka, na jina ambalo Bert amelitafuta maisha yake yote sasa amelipata. Baada ya wiki mbili tunacheza Wirrabeen. Mama ana miaka sabini na mmoja, moyo wake mbovu, ameshawaalika kanisa zima na atakaa mstari wa mbele. Nijifanye mgonjwa safari ivunjike, au nimwambie, au ninyamaze nimwachie huo uongo anaolalia? Nampenda mume wangu na siwezi kumtazama.

Mwenye Mistari Michache

*

Binti yangu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili na chai yangu imepoa.

Sasa nikugombeze. Umeshajua, na bado umepanda jukwaani mara tisa ukasema hakuteseka. Acha. Kesho karatasi zako mpe mwingine. Na mumeo amewaungamia wageni wote wa Port Pirie akiwa amepakwa rangi, wakampigia makofi, ila mtu mmoja anayestahili kuambiwa hajaambiwa. Huo si ujasiri hata kidogo.

Kujifanya mgonjwa hakusaidii. Mchezo ukifika Melbourne utaandikwa magazetini, na majirani watamsomea. Moyo wa mama yako ni mbovu, ndiyo, lakini umemzika Jabez na bado unapiga. Kitakachomuua ni kuusikia mlango wake mwenyewe ukigongwa mbele ya kanisa zima.

Pandeni treni ya Jumatatu, nyinyi wawili, kabla ya kikundi. Mwiteni daktari wake au jirani akae chumba cha pili. Mketi jikoni, uso wa mumeo uwe umeoshwa. Aseme yeye, wewe usimmalizie. Akianza kupiga magoti mwambie anyanyuke aketi kwenye kiti kama watu wengine, maana hapo hakuna mchezo. Mama akimfukuza, atoke. Na kama mchezo utachezwa Wirrabeen au popote, hilo ni la mama yako kuamua, na kama akikataa basi Melbourne wakatafute mchezo mwingine.

Wewe baki naye, hata mwezi. Mumeo utajua baadaye kama unaweza kumtazama.

Na mama atauliza mwanawe aligonga siku ngapi. Mumeo aseme tatu.