Kipini cha Kushoto

Mke wangu, Mama Zuhura,

Baada ya dua, ambayo ndiyo salamu pekee inayokufikia, nakuletea mashtaka. Binti yetu amenishinda kwa kipande cha karatasi.

Unaikumbuka Idi ile uliyonivuta mpaka kwa mpiga picha wa Mchafukoge? Sikuridhia, kwani tangu chuo cha Kurani nilifunzwa kuziogopa picha. Ukacheka. "Sheikh wangu, sitaki kuabudiwa. Nataka kujiona tu." Picha ilipotoka uliitazama kitambo kirefu, ukasema, "Huyu ndiye mimi hasa." Mimi niliona kuna jambo halikukaa sawa usoni, nikadhani ni ukaidi wangu.

Tangu ulipotutoka, miaka mingi sasa, picha hiyo imetundikwa ukutani. Mwezi huu Zuhura aliazimia mwanawe Rukia atobolewe pua kabla ya harusi yake, upande wa kulia, kama bibi yake. Nikamwambia kwamba mama yake alivaa kipini kushoto.

"Baba, picha hii hapa. Kipini kiko kulia."

"Picha imekosea."

"Picha ikosee vipi? Macho yako ndiyo yamechoka, baba yangu."

Rukia akachekea kwenye mtandio. "Leo babu anabishana na ukuta."

Nikaishusha, nikaenda nayo kwa mpiga picha. Akakitoa kabatini kile kioo cha negativu ambacho picha yako ilichapwa kutoka kwacho, akakiinua penye mwanga, akajikuna kichwa. "Unisamehe, mzee. Siku ile tulikichapa kwa nyuma. Kushoto kumekuwa kulia." Akanichapia nyingine iliyo sahihi. Nilipita Kariakoo nimeikumbatia kifuani, wachukuzi wakinipigia kelele niwapishe, nami najua kwamba ninakurudisha nyumbani.

Zuhura akaitazama. "Huyu si mama," akasema taratibu, akaitundika tena ile ya zamani. Ijumaa Rukia akatobolewa kulia.

Hasira yangu, Mama Zuhura, si ya pua. Kila ninaponyanyua mikono kukuombea, anayenijia ni yule wa ukutani. Miaka thelathini nimekula nawe sinia moja, na kosa la dakika moja limenifutia uso wako. Shahidi wako nimebaki peke yangu, na ushahidi wangu haupokelewi na binti wala mjukuu.

Linaloniudhi zaidi ni kauli yako mwenyewe. Uso wako uliujua kwa kujitazama kwenye kioo, na kioo hugeuza. Kumbe mpiga picha alikupa yule uliyemzoea, nami niliishi na mwingine ambaye hukuwahi kumwona. Siku ya kufufuliwa nimtafute yupi? Ningekuuliza, ungenicheka, na jambo lingekwisha. Sasa haliishi.

Jana asubuhi nilipita mlangoni pa chumba chako. Rukia alikuwa amesimama mbele ya kioo chako kile kirefu, akijifunga ushungi. Mle ndani ya kioo, kipini kilikuwa kushoto.

"Shikamoo, babu," akasema aliponiona mle.

"Marahaba," nikamjibu. "Usigeuke kwanza."

Akasimama vile vile, asijue kwa nini. Nami nikakutazama.

Mola akuongezee nuru huko uliko, mpaka tuonane pasi na kioo kati yetu.

Mimi mumeo,
Baba Zuhura