Mahema Yalikuwa Yamesimama

Edendale, 14 Januari 1879

Mdogo wangu Yeremia,
Hujambo huko jeshini? Sisi wazima, ila mchungaji bado anahubiri mpaka vyungu vinaungua majumbani.

Nasikia ninyi na Waingereza wenu mmevuka mto kuingia nchi ya Wazulu. Wewe sikuwezi, tangu utotoni hatari ndiyo chakula chako. Lakini Filemoni ni mtu wa shamba; alijiandikisha kwa kukufuata wewe tu. Nirudishie mume wangu. Sina mwingine.

Dada yako,
Leya

Isandlwana, 21 Januari

Dada Leya,
Shikamoo. Tuko wazima, mvua tu ndiyo inatuonea. Mumeo amenenepa kwa nyama ya jeshi, utamkataa!

Kazi yetu ni kupeleka barua za maofisa. Wanaandikiana kama wachumba: huyu bondeni, yule mlimani, kila mmoja akimuuliza mwenzake Wazulu wako wapi. Leo waliotangulia milimani wamewaona, wanaomba askari. Jibu lilikuwa lipelekwe na Filemoni. Nikamwambia, "Shemeji, lete hapa, wewe ukalale." Akacheka: "Unanichunga kama kuku wa mwisho bandani!"

Kesho mwezi unakufa, hauonekani angani, na Wazulu hawapigani siku hiyo. Hayo tuliyajua tangu kwa bibi. Tena Filemoni anabaki kambini, na bunduki mamia pembeni yake. Hatari iko huku ninakokwenda mimi. Usihangaike.

Mdogo wako,
Yeremia

Edendale, 25 Januari

Mdogo wangu,
Sijui kama utaisoma hii. Watu wanasema jeshi limepigwa, na mtaa mzima unalia. Nimekulilia mpaka sauti imekauka, maana wewe ndiye uliyetoka. Mungu akulipe kwa kumwacha Filemoni kambini. Kama u hai, niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Leya

Ng'ambo ya mto, 29 Januari

Dada yangu,
Mimi ni mzima. Sijui nikusalimu vipi.

Alfajiri ya tarehe 22 jenerali alitufuata milimani na nusu ya jeshi. Wazulu tuliowaona huko walikuwa wachache. Jeshi lao lilikuwa limejificha karibu na kambi, na lilipogunduliwa halikungoja mwezi mpya. Ikaja barua fupi kutoka kambini: Wazulu wanakuja. Ofisa mmoja akapanda juu na darubini, akasema mahema yamesimama, basi hakuna vita. Desturi ya Waingereza wakipigana huangusha mahema kwanza. Nikafurahi, dada. Nikakaa nikala biskuti. Kumbe wa kambini hawakupata hata nafasi ya kuyaangusha.

Waliookoka wanasema walimwacha Filemoni akimfunga farasi tandiko. Hakutoka. Ningemwachia ile barua, leo angekuwa anakuandikia yeye. Nisamehe. Niruhusu nije nyumbani.

Mdogo wako,
Yeremia

Edendale, 20 Februari

Yeremia,
Natumaini unakula. Barua yako nimeipata siku nyingi, nikashindwa kushika kalamu.

Sikulaumu. Ulifanya nilichokuomba, na ulijitoa wewe mwenyewe ili yeye apone. Hayo nayajua na nimewaambia watu wote.

Lakini usije bado. Nikisikia farasi uani nitatoka mbio nikidhani ni yeye, kisha nitakuona wewe, na nitasikitika kwamba ni wewe. Sitaki uuone uso wangu siku hiyo.

Dada yako,
Leya