Kiti Kisichoyumba

Fundi Athumani,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea tu, usije ukadhani heshima imerudi.

Televisheni ilikuja Lushoto. Ungekufa kwa furaha, kama usingekuwa umeshakufa. Walitoka Dar es Salaam na magari mawili, wakapanga meza kwenye uwanja wa shule, na nyuma ya meza akakaa mtaalamu wa vitu vya kale, amevaa glavu nyeupe. Watu walibeba nyumba nzima nzima. Mzee mmoja wa Rangwi alileta saa ya ukutani ya enzi za Mjerumani, haina hata mshale mmoja. Mwingine alileta pasi ya mkaa ambayo mkewe bado anaitumia, na nguo za Ijumaa zikabaki na makunyanzi. Walipanga foleni kabla ukungu haujatoka, na najua kilichowaleta. Si bei. Kila mmoja alitaka mgeni msomi akishike kitu cha kwao kwa mikono miwili, aseme mbele ya nchi nzima kwamba watu hawa hawakuokotwa.

Hata mkeo alikuja, na tezo lako la kuchongea. Alilifunga kwenye kanga mpya, akaeleza kwamba marehemu alikuwa fundi mkubwa wa milima hii yote. Mtaalamu aliligeuza mara moja akamrudishia. "Mama, hiki ni chombo cha kazi. Nendeni mkafanyie kazi." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilihakikisha mkeo ananisikia. Mpini wa tezo hilo naujua vizuri, mgongo wangu ndio shahidi.

Baada yake ilikuwa zamu ya Bi Mwanaidi, yule jirani yetu wa bondeni. Alikuja na wanawe watatu, na kiti nilikibeba mimi, maana siku hizi fundi wa Lukozi ni mimi.

Kiti gani, utauliza. Ulikuwa mwepesi wa kusahau yanayokuaibisha, kwa hiyo ngoja nikukumbushe. Kile kigoda cha ukoo wao, cha miguu minne, mmoja mfupi. Kwao, arobaini ya mwenye nyumba ikifika, mrithi hukalishwa juu yake mbele ya wazee, na kwa kuwa kinayumba, inabidi akaze miguu na kutulia hadi dua iishe. Husema kiti kinampima. Kilipopata ufa walikileta kwako ukiunge. Akapita mgeni aliyekuja kutembea msituni, akakitamani, ukamuuzia. Kisha ukanigeukia mimi, mwanafunzi wako, ukasema, "Chonga kingine, na mdomo wako uufunge."

Nilichonga. Nilikizika kwenye samadi kizeeke, nikakitundika juu ya jiko la kuni masika yote, nikakisugua kwa masizi na mafuta ya nyonyo mpaka mimi mwenyewe nikaanza kukiogopa. Ulikikagua ukasema, "Kitafaa." Katika miaka saba niliyokaa kwako, hilo ndilo neno zuri pekee ulilonipa. Lakini nilifanya kosa moja. Ule mguu mfupi niliuona ni uzembe wa aliyekichonga cha kwanza, nikausawazisha.

Bi Mwanaidi alikikalia mara moja tu. "Cha kwetu kinayumba," alisema. Ukamjibu mbele ya wanawe kwamba umewafanyia hisani, umewanyooshea na mguu. Wakakushukuru! Yeye hakunyamaza. Kwenye kila arobaini alirudia maneno yale yale, mpaka wanawe wakakubaliana kwamba mama akili inamtoka. Walimnyang'anya funguo za ghala. Wajukuu wakafundishwa kumwitikia tu bila kumsikiliza.

Ndiyo maana alipopata habari za kipindi alisema lazima kiti kiende. Wanawe walidhani anataka sifa. Alitaka mtaalamu atamke kwamba kiti ni cha juzi, basi, arudishiwe akili zake mbele ya watoto wake.

Mtaalamu alikigonga, akakinusa, akapitisha kidole kwenye nakshi zangu taratibu. Akasema ni cha enzi za machifu. Akasema aliyekichonga alikuwa na mkono wa pekee, na mafundi wa namna hiyo wamekwisha. Bi Mwanaidi akanigeukia. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini alinipata. "Hoza mwanangu, wewe ni fundi. Waambie."

Kamera ikanifuata. Nikasema, "Mtaalamu amesema kweli, Bibi."

Sikukuogopa wewe, wewe umeshaliwa na mchwa. Wala sikuwaogopa wanawe. Zile sifa zilikuwa bado zinalia masikioni mwangu, nami nilitaka ziendelee. Maisha yangu yote nilingoja mtu aseme mkono wangu ni wa pekee, na alipotokea nikamtoa bibi wa watu kafara. Naona haya, Fundi. Naona haya hata kukuandikia wewe, mwizi.

Kipindi kiliporushwa tulikitazama nyumbani kwako, kwenye televisheni uliyoinunua kwa pesa za kiti kile. Bi Mwanaidi alipotokea akisema "waambie", watu walipiga mapaja kwa kicheko. Mwanawe mkubwa alicheka mpaka akatoka nje kupata hewa.

Wiki iliyopita Bi Mwanaidi alipanda mlima na fimbo yake, peke yake, akaja karakana. Aliketi juu ya mbao, akahema kwanza. Kisha akasema amekusingizia miaka yote, ukiwa hai na ukiwa maiti, na sasa anaona kweli akili zimemwacha. Anaogopa kukutana nawe huko akiwa na dhambi hiyo. Miguu yake haiwezi kufika makaburini kwenu, kwa hiyo akanituma mimi nikuombe radhi kwa niaba yake. Nikamwambia nitafika. Nilimshika mkono kumvusha mtaro, naye akaniombea dua mpaka tukafika barabarani.

Tangu siku hiyo nimekwenda mlangoni kwake mara mbili. Mara zote mbili niliomba maji, nikanywa, nikaondoka.

Lakini gogo la mvule limeshakatwa. Nakuahidi, Jumamosi nitalipeleka uani kwake, nichonge kigoda kile kile mbele ya wanawe, nakshi kwa nakshi, mpaka waniombe niache. Nitataja jina lako na langu pamoja. Mkeo atasikia, na wanao watasikia, na sitapunguza sauti.

Kwaheri, Fundi. Nilitumwa, nami nimefika kaburini kwako na barua hii. Bi Mwanaidi anakuomba umsamehe.

Usithubutu kumsamehe.

Hoza