Mwali Mpya Hataki Kula

Somoe, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Nyumbani hapa hakuna mtu, ni mimi na mlio wa pampu ya tangi la samaki. Nina kosa la kukiri, na mara mbili nilizokuja kaburini kwako Mtawanya nimeshindwa kulisema. Nilikuombea dua, nikang'oa majani, nikaondoka kama mwizi.

Mwali amekufa. Samaki wako, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Ulimpa jina hilo kwa sababu alipofika alijificha wiki nzima kwenye tundu la jiwe, kama mwali aliyefungiwa ndani. Kule hospitali ulinishika mkono ukasema, "Mwali wangu usimsahau." Nikasema sawa. Tulikuzika, na wiki haikuisha, naye akawa anaelea kiubavuubavu.

Wala si njaa iliyomuua, ni huruma. Wakati wa msiba mimi nilikuwa nje na wanaume, chini ya turubai, na wanawake wamejaa sebuleni kwenye mikeka, mbele ya tangi. Unajua alivyokuwa ameshazoea watu: mtu akisogea tu, anapanda juu kuomba. Basi kila aliyeingia kulia alimwona, akasema, "Masikini, kanamtafuta mwenyewe," akamtupia punje mbili za wali. Kila mmoja na punje zake mbili. Hata mama yako, ambaye miaka yote alituuliza samaki asiyeliwa anafugwa wa nini, alimmegea chapati. Ningemlaumu nani? Walikuwa wanakulisha wewe. Tulipoanua matanga nikaingia sebuleni, nikakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele.

Nilisafisha tangi, nikajaza madumu mapya ya maji ya bahari, nikaliacha hivyo miezi minne, bila kiumbe ndani. Nikawa nakula jikoni, nimesimama, sufuria mkononi. Mwezi huu nikashindwa kuvumilia. Nikaagiza mwingine dukani Dar, akaja na basi, kwenye mfuko wa plastiki ndani ya ndoo. Ndugu zako wa Msimbati wamenicheka mpaka basi. Samaki atoke Dar aje Mtwara? Si sawa na kupeleka korosho Newala? Nikawaambia kwenu ni hifadhi ya bahari, samaki hawa hawavuliwi, na huyu amezaliwa dukani, bahari haijui. "Kama wewe tu, mtu wa Singida," ungeniambia.

Akaingia kwenye tundu, akagoma kula. Siku ya kwanza nilisahau kuzima pampu, chakula kikazunguka tangini kikanyonywa chote. Siku ya pili nikaizima, nikangoja maji yatulie, nikatia kiasi cha kichwa cha kiberiti, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikavuta stuli, nikakaa uso kwenye kioo, nikimbembeleza. Saa nzima! Hakutoka. Siku ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo, nikiokota makombo kwa kichujio cha chai. Nikajiapiza kwamba huyu naye akifa, tangi nalitoa, na ahadi niliyokupa itakuwa imenishinda. Niliogopa, Somoe. Niliogopa nyumba ambamo hakuna kingine kinachopumua ila mimi.

Leo Jumamosi asubuhi nimetia chakula, nikakata tamaa. Nikachemsha mihogo, nikaja mezani, mara ya kwanza tangu uondoke. Kwenye kiti changu sikuweza kukaa, maana kinatazamana na chako. Nikakaa kwenye chako, tangi likiwa mgongoni kwangu, kama ulivyokaa siku zote. Nikaanza kula. Mbele yangu, kwenye kioo cha kabati la vyombo lililo nyuma ya kiti changu, nikamwona anatoka. Akatoa kichwa, akarudi. Akatoa tena. Kisha akadaka chembe moja, ya pili, ya tatu.

Nikakumbuka ulivyonigombeza mgeni wangu alipokuja kutoka Singida: "Mtu hatazamwi anapokula, utamtia aibu." Kumbe hata samaki.

Lakini kuna jambo jingine. Miaka yote nilijua ulichagua kiti hiki ili unitazame mimi. Nilijivunia! Sasa nimekaa hapa, nimeona kinachoonekana. Ulikuwa unanitazama mimi, au ulikuwa unamtazama Mwali kwenye kioo cha kabati, juu ya bega langu? Labda sote wawili. Sina wa kumuuliza.

Alipomeza ya nne nikaita, "Somoe, njoo umwone, anakula!" Niliita kwa sauti, mdomo umejaa muhogo. Na nikangoja, kabisa, unijibu kutoka chumbani.

Nitamlisha kidogo kidogo, pampu nikiwa nimeizima. Nitakula hapa mezani kila siku, nimempa mgongo. Na Ijumaa nakuja Mtawanya, safari hii habari ya Mwali utaisikia kwa mdomo wangu.

Mola akulaze pema, mke wangu. Mihogo imebaki nusu sahani. Naimaliza.

Mumeo, mtu wa bara